Talmudi haianzi ukurasa wa kwanza

Fungua masekhta yoyote ya Talmudi ya Babeli, yaani kitabu kimojawapo katika mkusanyo huo, utakuta maandishi yanaanzia karatasi ya 2. Zipo tafsiri tamu za jambo hilo, kwamba eti hakuna binadamu aliyewahi kufika mwanzo wa elimu. Sababu yenyewe ni ya kiwandani. Daniel Bomberg, mpiga chapa Mkristo wa Antwerp aliyehamia Venice, ndiye aliyetoa Talmudi nzima kwa mara ya kwanza, kati ya 1520 na 1523, na karatasi yenye jina la kitabu ikahesabiwa kuwa ya kwanza. Namba zake zinatumika mpaka leo. Ukiambiwa "Bava Metzia 21b", yaani masekhta Bava Metzia, karatasi ya 21, upande wa pili, uwe Yerusalemu, Buenos Aires au Johannesburg, unaelekezwa kwenye upande uleule wa karatasi ileile, na maneno yaleyale yapo hapo.

Naanza na jambo dogo hili kwa sababu vitabu vingi vinavyoeleza fikra za Kiyahudi kwa watu wa nje humwacha msomaji mlangoni. Vinasema Talmudi ni mapokeo, ni bahari, ni nguzo, vinataja miaka miwili mitatu, kisha vinapita. Msomaji anamaliza sura nzima bila kuona mstari mmoja wa kitabu chenyewe. Mimi nashikilia kwamba fikra za Kiyahudi tangu kubomolewa kwa Hekalu mwaka 70 hazieleweki vizuri mpaka mtu ajue jinsi karatasi moja ya Talmudi inavyofanya kazi, na kwamba karatasi hiyo isomwe kwa ajili ya pingamizi zake. Anayesoma akitafuta hukumu atachoka mapema, maana hukumu huja kwa kuchelewa, na mara nyingine haiji kabisa.

Matini, mjadala, na waliokaa pembeni

Mzizi ni Mishna. Ilikusanywa Galilaya karibu mwaka 200 na Rabi Yehuda HaNasi, kwa Kiebrania cha mkato kisicho na neno la ziada. Ina mafungu sita na masekhta 63: kilimo, sikukuu, ndoa, madai na mali, sadaka za Hekaluni, usafi wa kiibada. Walimu wa enzi hiyo huitwa Tanaim. Waliokuja baada yao, wakaijadili Mishna kwa takriban miaka mia tatu katika vyuo vya Galilaya na vya Babeli (Sura, Pumbedita, Mahoza, katika Iraki ya leo), huitwa Amoraim. Mjadala wao ndio Gemara, na lugha yake ni Kiaramu kilichochanganyika na Kiebrania. Mishna na Gemara kwa pamoja ndiyo Talmudi. Ziko mbili. Ile iitwayo ya Yerusalemu ilifungwa Galilaya karibu mwaka 400, nayo ni fupi na ngumu. Ya Babeli ilikamilika baadaye, ina Gemara kwa masekhta 37 tu kati ya zile 63, na ndiyo watu wanayoikusudia wakisema "Talmudi" bila kuongeza neno.

Shika tofauti ya Tanaim na Amoraim kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa ndiyo kanuni ya mchezo. Amora hana ruhusa ya kumpinga Tana, ila akipata Tana mwingine wa kusimama upande wake. Ndiyo maana hoja nyingi kwenye Gemara huanza kwa mtu kuleta baraita, yaani kauli ya Tanaim isiyoingizwa kwenye Mishna, na kumkabili nayo mwenzake. Baraita ikigongana na kauli ya Amora, Amora ana njia tatu: aoneshe kwamba inazungumzia hali nyingine, alete Tana wake, au aanguke. Msomaji asiyejua nani ni nani huona watu wanarushiana dondoo tu, asielewe kwa nini huyu amenyamaza na yule amejibu kwa jeuri.

Sasa karatasi yenyewe. Katikati, kwa herufi nene za mraba, kuna Mishna na Gemara. Safu iliyo upande wa mshono wa kitabu ni Rashi, yaani Rabi Shlomo Yitzhaki wa Troyes, Ufaransa (1040–1105). Safu ya upande wa nje ni Tosafot, maelezo ya wanafunzi na wajukuu wa Rashi na waliowafuata katika karne ya 12 na 13, hasa Ufaransa na Ujerumani. Mpangilio huu wa kuizunguka matini ulitumiwa na wapiga chapa wa ukoo wa Soncino huko Italia katika miaka ya 1480, kisha Bomberg akaueneza. Aliyesoma vitabu vya fiqhi vya Kishafi, matini ndani na sharhi pambizoni, hatashangaa. Atakachokiona kipya ni kwamba hapa hata matini ya katikati ni ubishi.

Kwenye pambizo kuna safu nyembamba zaidi. Ein Mishpat inaonesha hukumu ya mjadala huu imeandikwa wapi katika vitabu vya sheria. Masoret HaShas inaonesha kauli hii inarudiwa wapi kwingine katika Talmudi. Zote mbili ni kazi ya Yoshua Boaz, Italia, karne ya 16. Toleo ambalo matoleo mengi ya leo yamelinakili, hata kwa kupigwa picha moja kwa moja, ni la kiwanda cha Romm mjini Vilna, lililotoka kati ya 1880 na 1886.

Herufi za safu ya Rashi huwatisha wanaoanza, kwa kuwa hazifanani na zile za katikati, na watu huziita "mwandiko wa Rashi". Yeye hakuwahi kuandika hivyo. Ni chapa iliyoigwa kutoka mwandiko wa mkono wa Wayahudi wa Hispania, ikatumiwa kwenye kitabu chake kilichopigwa chapa Reggio di Calabria mwaka 1475, zaidi ya miaka 350 baada ya kifo chake. Herufi zenyewe hujifunzwa kwa siku chache. Kinachochukua muda ni vifupisho, maana neno lenye alama mbili ndogo kabla ya herufi ya mwisho ni maneno mawili, matatu au zaidi yaliyobanwa pamoja.

Anzia kwenye kitu kilichookotwa

Wengi huanza Berakhot 2a kwa kuwa ndiyo karatasi ya mwanzo ya masekhta ya mwanzo. Ni mlango mbaya. Mishna yake inauliza Shema, tamko la imani, husomwa jioni kuanzia saa ngapi, na inajibu kwa kutaja saa ambayo makuhani huingia kula chakula chao kitakatifu. Msomaji analazimika kujua sheria za usafi wa makuhani kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Katika shule nyingi za Kiyahudi mtoto huanzishwa kwingine, katika sura ya pili ya Bava Metzia, iitwayo Elu Metziot, kuanzia 21a. Mada yake ni vitu vilivyopotea. Kila mtu amewahi kupoteza kitu.

Mishna inasema hivi: vipo vitu ambavyo mwokotaji akiviokota ni vyake, na vipo ambavyo lazima avitangaze. Vilivyo vyake ni mazao yaliyotawanyika, sarafu zilizotawanyika, miganda midogo iliyo njia ya watu wote, mikate ya tini, mikate ya mwokaji, mitungo ya samaki, vipande vya nyama, manyoya ya kondoo kama yatokavyo mashambani, mafungu ya kitani, na nyuzi za sufu ya zambarau. Hayo ni maneno ya Rabi Meir. Rabi Yehuda (si HaNasi, ni mwingine) anaongeza kwamba chochote chenye jambo lisilo la kawaida lazima kitangazwe: mkate wa tini wenye kigae ndani yake, au mkate wenye sarafu ndani.

Kanuni iliyojificha chini ya orodha hii haisemwi. Vitu hivi havina alama ya kumtambulisha mwenyewe, kwa hiyo mwenyewe amekata tamaa, na kitu ambacho mwenyewe amekikatia tamaa kinaweza kuchukuliwa. Mishna haielezi. Inaweka vitu mezani, inaondoka.

Gemara inaingia na swali la kinyumbani kabisa: mazao yaliyotawanyika, kiasi gani? Rabi Yitzhak anajibu: kav moja ndani ya dhiraa nne. Kav ni kama lita moja na robo, karibu vibaba viwili. Dhiraa nne ni karibu mita mbili. Jibu linaonekana safi, na Gemara hailiachi. Kama yamekaa kama yaliyodondoka, basi hata yakiwa mengi zaidi ni ya mwokotaji. Kama yamekaa kama yaliyowekwa makusudi, hata yakiwa machache si yake. Sasa kipimo cha nini? Rav Ukva bar Hama anaokoa kauli hiyo: tunazungumzia uwanja wa kupuria nafaka, wakati wa kukusanya. Kav iliyosambaa dhiraa nne inachosha kuiokota, mkulima hasumbuki kurudi, ameiacha. Ikiwa imesambaa pungufu ya hapo, atarudi.

Ndipo anatokea Rabi Yirmeya. Nusu kav katika dhiraa mbili je? Kama sababu ya kuacha ni uchovu, hapa kazi ni ndogo, basi hajaiacha. Kama sababu ni udogo wa thamani, nusu kav ina thamani ndogo zaidi, basi ameiacha. Kav mbili katika dhiraa nane je? Kazi ni kubwa zaidi, lakini thamani nayo imeongezeka. Kav ya ufuta katika dhiraa nne? Ufuta una thamani, ila kuokota punje zake ni adhabu. Kav ya tende, au ya komamanga? Thamani ni ndogo, lakini kuziokota ni rahisi. Gemara inajibu kwa neno moja: teiku. Suala linabaki wazi.

Msomaji anayetaka hukumu atakasirika hapa, na wengi hukasirika. Lakini angalia alichokifanya Rabi Yirmeya. Kauli ya Rabi Yitzhak ilikuwa na vitu viwili vilivyofungwa pamoja, kazi na thamani, na hakuna aliyejua kipi kinabeba hukumu. Maswali manne yanavitenganisha, kimoja kikipandishwa na kingine kikishushwa. Sasa tunajua hasa tusichokijua. Kwa macho yangu hii ndiyo nusu saa bora ya kuanzia Talmudi. Haitaki elimu ya awali, na njia yote ya kufikiri imo humo.

Tabia hiyo ilimponza Rabi Yirmeya mahali pengine. Katika Bava Batra 23b Mishna inasema kinda la njiwa likiokotwa ndani ya dhiraa hamsini za kizimba ni la mwenye kizimba, likiwa nje ya hapo ni la mwokotaji. Akauliza: mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje? Gemara inaandika kwamba kwa swali hili walimtoa chuoni. Alirudishwa baadaye, 165b ya masekhta hiyohiyo, alipojibu swali kwa unyenyekevu. Waliomfukuza waliliandika swali lake hata hivyo.

Abaye na Rava

Baada ya teiku, karatasi hiyohiyo inafungua ubishi mkubwa zaidi. Mtu amedondosha kitu kisicho na alama na bado hajajua. Akijua atakata tamaa papo hapo. Wewe umekiokota kabla hajajua. Rava anasema kukata tamaa huko kunahesabika tangu sasa, maana hali ya kitu ndiyo inayoamua. Abaye anasema hapana: kilipoingia mkononi mwako mwenyewe alikuwa bado na tumaini, umekishika kwa makosa, na kujua kwake baadaye hakukusafishi. Wote wawili ni Amoraim wa Babeli wa karne ya 4, na ubishi wao unarudi katika masekhta baada ya masekhta.

Hapo orodha ya Mishna inageuka kuwa mwiba kwa Abaye. Sarafu zilizotawanyika ni za mwokotaji, sivyo? Na mwenyewe huenda hajajua zimedondoka! Jibu: mtu hupapasa mfuko wake wa fedha kila mara, kwa hiyo ameshajua. Mikate ya tini na ya mwokaji? Ni mizito, mbebaji huhisi mzigo umepungua. Nyuzi za zambarau? Ni za thamani, mwenyewe huzikagua mara kwa mara. Mazao? Tulishasema ni uwanja wa kupuria, mkulima ameyaacha akijua. Orodha iliyoonekana kama takataka za sokoni imekuwa uchunguzi wa jinsi binadamu anavyogundua amepoteza kitu: kwa mkono, kwa uzito, kwa wasiwasi. Nadhani hakuna aliyekaa akapanga kuandika saikolojia. Pingamizi ndizo zilizoitoa.

Mjadala unaendelea kupitia 21b na 22a, ushahidi baada ya ushahidi, kila mmoja unajibiwa, mpaka 22b. Inaletwa hoja kutoka Kumbukumbu la Torati 22:3, kitu "kilichompotea" nawe ukakiona: kinachozungumziwa ni kile kilichompotea yeye lakini watu wote wangeweza kukipata, si kile kilichochukuliwa na mafuriko ya mto. Rava hana jibu. Gemara inatamka kwamba ameshindwa, na hukumu ni ya Abaye. Katika mabishano yao yote Abaye anashinda katika masuala sita tu, yanayokumbukwa kwa herufi sita, na hili ndilo la kwanza kati ya hizo.

Usifikiri wamemaliza. Mara moja Rav Aha mwana wa Rava anamuuliza Rav Ashi: ikiwa hukumu ni ya Abaye, tende zilizoangushwa na upepo tunazilaje, na mwenye mtende hajui zimeanguka? Jibu ni kwamba wadudu na wanyama watambaao huzila, kwa hiyo mwenyewe amezikatia tamaa tangu mwanzo. Na mitende ya yatima, ambao hawana uwezo kisheria wa kusamehe mali? Hatuuchukulii uwanda mzima kuwa ni wa yatima.

Utaratibu wa kukaa na karatasi

Soma Mishna peke yake kwanza, mara tatu, mpaka uweze kuisema bila kuangalia. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuikimbilia Gemara wakiwa bado hawaikumbuki orodha, na pingamizi inapotaja zambarau hawajui zambarau imetoka wapi.

Gemara haina alama ya kuuliza wala ya kunukuu. Nukta mbili huonesha mwisho wa kipande, basi. Kazi ya kwanza ni kukata maneno katika hatua, na maneno fulani ya Kiaramu ndiyo vibao vya njiani. "Tenan" inaleta Mishna. "Tanu rabanan" au "tanya" inaleta baraita. "Itmar" inafungua ubishi wa Amoraim. "Ta shema" inaleta ushahidi. "Teyuvta" inatangaza kushindwa. "Teiku" inaacha wazi. Andika pembeni ya kila hatua herufi moja ya kuonesha ni swali, jibu, ushahidi au pingamizi. Karatasi moja ya Elu Metziot inaweza kukupa hatua thelathini na zaidi.

Ukifika kwenye neno lisiloeleweka, nenda kwa Rashi. Kila maelezo yake huanza kwa kurudia neno la Gemara, kisha nukta, kisha ufafanuzi. Msome kipande kwa kipande, ukirudi kwenye Gemara kila mara. Anayesoma Gemara nzima kisha Rashi nzima kama nyongeza anapoteza vyote viwili, kwa sababu Rashi mara nyingi anajibu swali ambalo msomaji angejiuliza katikati ya sentensi. Ukiona Rashi amefafanua neno lililo wazi, jiulize alikuwa anazuia kosa gani. Tosafot waache mpaka raundi ya pili. Kazi yao ni kuleta mahali pengine katika Talmudi panapoonekana kupingana na hapa, kisha kutofautisha. Ukiwasoma mapema watakubeba hadi masekhta usiyoijua na hutarudi.

Soma kwa sauti, na soma na mtu. Mwenzi wa kusoma huitwa havruta, na kazi yake ni kukukatalia. Bava Metzia 84a inasimulia Rabi Yohanan aliyempoteza mwenzi wake, Resh Lakish. Wakamletea mwanafunzi mwerevu ambaye kwa kila kauli alimwambia: ipo baraita inayokuunga mkono. Rabi Yohanan akamkemea: kwani sijui kwamba nimesema sawa? Mwana wa Lakish nikisema neno alikuwa akiniletea pingamizi ishirini na nne, nami nikimpa majibu ishirini na manne, na hapo ndipo somo lilipopanuka.

Kuhusu kasi. Mwaka 1923 Rabi Meir Shapiro alipendekeza Wayahudi kote duniani wasome karatasi moja, pande zote mbili, kila siku. Utaratibu huo, Daf Yomi, una karatasi 2,711 na huchukua karibu miaka saba na nusu. Mzunguko wa 14 ulianza 5 Januari 2020 na unaishia 7 Juni 2027. Ni jambo kubwa kwa umma, na kwa mtu anayeanza ni njia ya kuzama. Mjadala wa Abaye na Rava ungekupita kwa siku mbili. Upande mmoja kwa wiki ni mwendo wa kutosha kwa mtu mwenye kazi nyingine, na sura nzima ya Elu Metziot, kutoka 21a hadi 33b, itachukua kama nusu mwaka.

Msomaji asiye na Kiebrania atapitia tafsiri ya Kiingereza. Ya bure na nzuri ni ile iliyo kwenye maktaba ya mtandaoni ya Sefaria, inayotokana na kazi ya Adin Steinsaltz, aliyeanza kuifafanua Talmudi kwa Kiebrania cha sasa mwaka 1965 na kumaliza 2010. Zingatia jambo moja: maneno yaliyokolezwa wino ndiyo Talmudi, yasiyokolezwa ni ufafanuzi uliopachikwa ili sentensi isomeke. Nimeona makala zikinukuu ufafanuzi huo kama kauli ya Amoraim. Jizoeze kusoma yaliyokolezwa peke yake angalau mara moja. Utaona jinsi matini ilivyo kavu, na jinsi kila mfasiri alivyoamua kwa niaba yako.

Aliyetaka kuondoa ubishi

Maimonides, mzaliwa wa Cordoba aliyefia Misri mwaka 1204, aliona watu wanapotea katika haya yote. Akaandika Mishneh Torah, vitabu 14 kwa Kiebrania chepesi, hukumu tupu bila mjadala na kwa kawaida bila kutaja nani alisema nini. Fuata Ein Mishpat kutoka karatasi yetu utafika kwake. Nusu kav katika dhiraa mbili, ile teiku, kwake ina jibu la vitendo: ni shaka, kwa hiyo mtu asichukue, na akishachukua halazimiki kutangaza. Safi, fupi, na sababu haimo. Avraham ben David wa Posquières, Ufaransa ya kusini, aliandika pingamizi kali dhidi yake, moja ya lawama zikiwa kwamba ameficha vyanzo. Leo pingamizi hizo huchapishwa ubavuni mwa maneno ya Maimonides, na wafafanuzi wa baadaye wamejaza pande zilizobaki wakitafuta alitoa wapi kila hukumu. Kitabu kilichoandikwa ili watu wasihitaji Talmudi kimeishia kuwa na sura ileile.

Dondoo zinazosambazwa

Watu wengi hukutana na Talmudi kwanza kwenye ujumbe wa simu: orodha ya dondoo za kutisha zinazodaiwa kutoka humo. Jinsi ya kuzipima ni rahisi kwa aliyefika hapa. Rejeo halali lina jina la masekhta, namba ya karatasi, na upande: a au b. "Talmudi, ukurasa wa 114" si rejeo. "Libbre David 37", inayozunguka miaka mingi, inataja kitabu ambacho hakipo. Rejeo likiwa halali, fungua uangalie nani anasema, na nini kinafuata. Ukimnukuu Rava wa 21b bila kufika 22b, umenukuu kauli iliyoshindwa. Ukinukuu swali la "je, tuseme hivi?" umenukuu wazo lililoletwa ili livunjwe.

Historia nayo imeacha alama kwenye matini. Baada ya mjadala wa hadhara wa Paris wa 1240 kati ya Wakristo na Wayahudi juu ya Talmudi, mikokoteni 24 ya hati zake ilichomwa moto. Mwaka 1553 zikachomwa tena Roma, Campo de' Fiori. Toleo la Basel la 1578–1581 lilitoka likiwa limekatwakatwa na masekhta Avodah Zarah haimo kabisa. Wakaguzi walibadilisha hata maneno ya kuwataja watu wasio Wayahudi, wakiweka mahali pake neno la kumaanisha waabudu nyota au Wasamaria. Kwa hiyo hoja inayotegemea neno moja kama hilo ilinganishwe kwanza na hati. Hati pekee iliyobaki na karibu Talmudi nzima ya Babeli iko Munich, imeandikwa mwaka 1342.

Ukimaliza sura ya pili ya Bava Metzia, usisonge mbele. Rudi sura ya kwanza, 2a. Watu wawili wameshika vazi moja. Kila mmoja anasema lote ni langu: kila mmoja ataapa kwamba haki yake humo si pungufu ya nusu, kisha wagawane. Mmoja akisema lote na mwingine akisema nusu, wa kwanza anaapa kwa robo tatu na wa pili kwa robo, wagawane hivyo. Jaribu kueleza kwa nini robo tatu na si theluthi mbili kabla ya kumfungua Rashi.